Bia Nyeusi Msimu wa Jua

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Hakuwahi kuwa na kaka, kwa hiyo hapakuwa na mtoto duniani mwenye haki ya kumwita hivyo. Lakini mji mzima ulimwita Shangazi na yeye aliitika, kwa sababu aligundua mapema kwamba ni vigumu mtu kumnyima shangazi yake. Alikuwa mnene wa kiasi, mwenye sauti ya kubembeleza, na miwani ambayo vioo vyake havikuwa na kazi yoyote ila kumfanya aonekane amesoma.

Mchana mmoja wa jua kali aliingia kwenye bohari la vinywaji kutafuta kivuli, si zaidi. Akamkuta mtunza bohari amelala chali juu ya kitanda alichokipanga kwa kreti za bia, kofia imemfunika uso.

"Hicho kitanda chako ni bia gani?" akauliza.

"Nyeusi. Ile nzito." Mtunza bohari hakuinuka. "Iliagizwa wakati wa baridi, ikachelewa njiani, ikafika siku moja na jua. Sasa nani ataweka kitu kizito hivyo tumboni kwenye joto hili? Kila anayekuja anataka nyepesi. Mwenye mali ameniambia niiuze hata kwa bei ya chupa tupu, nipate nafasi."

"Bei ya chupa tupu," Shangazi akarudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

Wapo watu wanaopita kitu kisichotakiwa bila kugeuza shingo. Shangazi hakuwa mmoja wao. Imani yake ilikuwa kwamba hakuna bidhaa isiyotakiwa, ipo tu bidhaa ambayo bado haijapata mwongo wake. Akasimama pale mlangoni akizihesabu kreti kwa macho, na macho yalipofika ukutani alikuwa ameshajua atakayezinunua.

Nje, ndani ya pikapu iliyoegeshwa juani, mtalaka wake alikuwa akimngoja. Watu walimwita Kimya. Ndoa yao ilikufa zamani kwa sababu, kama Shangazi alivyowaeleza wazee waliokaa kuwasuluhisha, mtu hawezi kugombana na ukuta. Ubia wao haukufa, kwa sababu ukuta ule ulikuwa na pikapu.

"Baba watoto," Shangazi alisema akipanda, "tunanunua bia yote iliyomo humo ndani."

Kimya akafikiri. "Kwa pesa gani?"

"Za mabati."

Hapo Kimya aligeuka kabisa na kumtazama, jambo alilolifanya mara chache. Shangazi alikuwa anajenga nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama, milango ipo, madirisha yana vyuma, sakafu imesuguliwa mpaka inateleza. Kilichokosekana kilikuwa paa. Alilala humo chini ya turubai na usiku aliziona nyota zote bila kutoka kitandani. Pesa za mabati zilikuwa jasho la ujanja wa miaka mingi, pamoja na kidogo alichochangia Kimya bila kuombwa.

"Na mvua ikija?"

"Tazama juu. Unaona wingu?"

Kimya akatazama. Hapakuwa na wingu. Akawasha gari.

Mtu ambaye Shangazi alikuwa amemchagua aliitwa Birika, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kama mkono wa birika, umekunjwa tangu kuzaliwa na haunyooki. Ilisemekana aliwahi kuzima feni ili nzi wasifaidi upepo. Alikuwa na baa yenye ua mpana na meza za mbao, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye ghorofa lililokuwa linajengwa. Upande mmoja palikuwa na karakana ya mbao, upande wa pili bustani ya kuuza miche. Jua likianza kupoa, watu wote wa kazi za nje walimiminika kwake kukata kiu, na yeye aliwapimia kiu hiyo kwa jicho la mfua dhahabu.

Shangazi aliingia na mkoba wa ngozi kwapani, akaketi, akaagiza maji.

"Mimi siuzi kitu," alimwambia Birika alipokuja kumwangalia mteja wa ajabu anayeagiza maji baa. Kila mjanja anajua kwamba hayo ndiyo maneno ghali kuliko yote sokoni. "Nimekuja kutazama tu. Ni mshauri wa vinywaji, kwa majira na kwa kazi za nje."

"Mshauri wa nini?"

"Mzee wangu, akija mchimba msingi, ametoka shimoni, shati limekakamaa mgongoni kwa chumvi ya jasho, unampa nini?"

"Bia."

"Bia gani?"

"Iliyo karibu."

Shangazi akavua miwani, akaifuta polepole, akamtazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Mchimbaji hanywi kulewa, anarudisha maji yaliyomtoka. Huyo mpe nyepesi, ile ya rangi ya majani makavu, baridi mpaka chupa itoe jasho badala yake. Fundi wa rangi ameshinda na harufu puani, ulimi umekufa ganzi. Mpe ile chungu, imwamshe. Mtu wa miche ameinama tangu asubuhi, tumbo limejikunja. Bia ya ngano, ile yenye ukungu, ni laini, itamnyoosha. Seremala amemeza vumbi la mbao, mpe nyekundu yenye utamu wa kimea, isafishe koo."

"Na fundi wa paa?" Birika akauliza. Alikuwa ameketi bila kujua ameketi saa ngapi.

"Fundi wa paa hapewi kitu mpaka miguu yote miwili iwe chini. Mteja akianguka akafa, kesho haji."

Kwenye kaunta, mke wa Birika alikuwa anamenya karanga. Wateja walimwita Mama Kaunta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti, na watu wengi walimsahau wakiwa bado wanazungumza naye.

"Na ile nyeusi?" akauliza bila kuinua macho.

"Nyeusi ni ya mvua na baridi, dada. Ukimuuzia mtu nyeusi kwenye jua hili, umemvalisha koti."

Mama Kaunta akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kumenya.

Kwa heshima ya ukweli, ni lazima isemwe kwamba Shangazi hakuwa amedanganya hata neno moja. Mjanja hodari hutumia ukweli kama mpishi anavyotumia chumvi. Hauhitajiki mwingi, ila bila huo chakula hakiliki.

Siku zilizofuata akawa anazunguka ua ule meza kwa meza. Aliwafundisha wachimbaji, akawafundisha wapaka rangi, akakaa na nyapara wa ghorofa akimweleza kwa nini bia nzito humlaza mtu mapema na kumwamsha na kichwa kizito. Wafanyakazi walipenda. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kiu zao zinatofautiana na kwamba kila kiu ina jina. Wakaanza kuagiza kwa majivuno: huyu akitaka ya kazi yake, yule akikataa ya jirani kwa maelezo kwamba yeye hakushinda na vumbi. Waliokuwa wakinywa chupa moja na kwenda nyumbani sasa walinywa moja ya kukata kiu na nyingine ya kujadili. Walirudi makwao wakayaeneza mafundisho, na muda si mrefu baa zote za upande ule wa mji zikawa zinaulizwa maswali magumu.

Birika alicheka peke yake jikoni. Shangazi hakudai hata senti, alipokea sahani ya nyama tu.

"Kitu kimoja," alimwambia siku moja akijipangusa vidole. "Jua hili litadumu. Ingekuwa mimi, ningejaza stoo yangu bia nyepesi na ya ngano kabla wenzako hawajazinduka."

Birika, aliyekuwa akilala na pesa zake chini ya godoro kama mtu na mkewe, akazitoa zote. Stoo ikajaa mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na bega.

Ndipo ikaja zamu ya Kimya.

"Koti la nini?" aliuliza. Shangazi alikuwa ameshika koti zito la sufi na kofia ya kufunika masikio.

"Wewe ni mnunuzi wa kambi ya barabara kule milimani. Kule kuna baridi."

"Nikiwa nimeshuka huku, koti lingebaki garini."

"Watu huamini wanachokiona, baba watoto. Vaa."

Kimya akaingia baa ya Birika katikati ya alasiri, jua likiwa linakaanga mawe, amevaa koti mpaka magotini na kofia mpaka kwenye nyusi. Wachimbaji waliokuwa wamewahi kutoka kazini waligeuka wote. Jasho lilikuwa linamshuka Kimya puani na kudondoka kwenye meza. Alikuwa amekariri maneno machache na aliyatoa kama mtu anayeshusha mizigo.

"Nataka bia nyeusi. Nyingi. Ni ya kambi ya barabara, milimani. Watu wanatetemeka."

"Nyeusi sina," alisema Birika. "Ila ukinitajia bei..."

Kimya akataja bei. Birika akajishika kwenye meza. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu atilie shaka maisha yote aliyoyaishi akiuza bia nyingine.

"Nitapita tena Jumamosi. Ikiwepo, nachukua yote," alisema Kimya, akainuka, na akayumba. Joto lilikuwa limemzidi.

Mama Kaunta alishatoka kwenye kaunta na chupa mkononi, nyepesi, yenye barafu shingoni.

"Kaa kwanza, kaka. Kunywa hii, ni bure."

Neno *bure* lilimchoma Birika ubavuni, lakini hakusema kitu mbele ya mteja wa bei ile. Kimya akainywa ile chupa bila kupumua.

"Mpishi wa kambi hajambo?" Mama Kaunta akauliza kwa upole.

Kimya hakuwa amekariri lolote kuhusu mpishi. "Hajambo."

"Bado anachechemea?"

"Bado."

"Maskini. Mpe pole zangu."

Alipomsimulia Shangazi hayo, ndani ya pikapu, akijipepea kwa kofia, Shangazi alipiga paja kwa furaha. "Umejibu kama mtu wa kule hasa. Siku nyingine nitakupa maneno zaidi."

Kesho yake Birika hakungoja Shangazi aketi.

"Mama mtaalamu. Ile bia nyeusi. Unaweza kuipata wapi?"

"Nyeusi?" Shangazi akaonyesha kushtuka. "Mzee, nimekufundisha nini siku zote hizi? Kwenye jua hili?"

"Si ya kuuza hapa. Nina mambo yangu."

Shangazi akakataa. Akasema hawezi kuharibu jina lake. Akasema mwenye mzigo ni jamaa yake, tena mgumu, anauweka mpaka msimu wa baridi. Akasimama kuondoka na akashikwa mkono. Alipokubali kuulizia, alikubali kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, na jioni ile akarudi na jibu: jamaa anauza, ila anataka mara nne ya bei ya kawaida. Birika alipiga hesabu kichwani. Hata kwa bei hiyo, mtu wa milimani angemwachia faida ya kununua baa nyingine.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Chini ya godoro palikuwa pamebaki godoro tu.

"Pesa zetu zote zimelala stoo, mama," alisema Mama Kaunta kutoka kwenye kaunta, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Tulijaza bia nyepesi, kama ulivyotushauri. Labda jamaa yako angekubali kubadilishana? Kreti mbili za nyepesi kwa moja ya nyeusi?"

Birika akamgeukia mkewe kama aliyechomwa na mwiba. Shangazi alitazama dari ili macho yake yasimsaliti. Bia nyepesi, kwenye jua hili, katika mji ambao yeye mwenyewe ameufundisha kuililia, tena mbili kwa moja, badala ya kitu alichokinunua kwa bei ya chupa tupu. Angeziuza kabla ya Jumamosi, tena kwa rejareja. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alihisi kitu kinachofanana na huruma, akakimeza.

"Jamaa yangu atalalamika," alisema, "lakini nitambembeleza."

Kimya alifanya safari tatu na pikapu siku hiyo, bila koti wala kofia, na Birika, aliyekuwa anatazama kreti tu, hakumtambua. Nyeusi ikaingia kwa Birika, nyepesi ikahamia kwenye nyumba ya Shangazi, ikapangwa sebuleni na chumbani mpaka kitanda kikawa kisiwa. Alipokuwa akipakia kreti za mwisho, Mama Kaunta alimletea karanga kwenye karatasi. "Za njiani, kaka," alisema, kwa sauti ileile ya siku ya koti. Kimya akamshukuru na kuondoka, lakini jambo fulani likaanza kumwasha moyoni na hakujua ni nini. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliamshwa na tone la maji kwenye paji la uso.

Alidhani ni jasho. Kisha likaja la pili, na turubai lote likaanza kuvuma kama ngoma. Mvua ile haikubisha hodi wala haikutanguliza wingu moja la kuonya. Ilianguka yote kwa pamoja, baridi, na nyuma yake ukaja upepo uliowakumbusha watu sweta walizokuwa wamezisahau makabatini. Shangazi alisimama katikati ya kreti zake na ndoo mkononi, akiwa mwanamke mwenye bia nyingi kuliko wote mtaani na nywele zilizolowana kuliko zote.

"Mvua ya kupita hii," alimwambia Kimya.

Haikupita. Ilinyesha siku hiyo na siku zilizofuata, ikageuza barabara kuwa tope, ikajaza misingi ya ghorofa maji. Wachimbaji walisimama chini ya vibanda wakiwa wamekumbatia mabega yao. Shangazi akafunga kitambaa kichwani, akapanda pikapu, wakaanza kuzunguka kuuza.

Mwenye baa wa kwanza, karibu na kiwanda cha matofali, alimkaribisha kwa heshima zote. "Shangazi, mtaalamu wetu. Umetuletea nyeusi?"

"Nimekuletea nyepesi. Bei ya kirafiki."

Yule bwana akamtazama kwa masikitiko. "Nyepesi wakati wa mvua? Lakini si wewe uliyewaambia wateja wangu kwamba ile ni ya kurudisha jasho? Nani anatoka jasho leo?"

Wa pili alimwambia wateja wake wanataka nyekundu na nyeusi tu, kwa sababu kuna mama mmoja msomi aliyewaeleza mambo ya majira, jina amelisahau. Wa tatu alikuwa na mpaka rangi kwenye kona, aliyeinua kidole na kumsomea Shangazi mafundisho ya Shangazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka chochote, na akaongeza lake kuhusu baridi na figo. Alimjaribu hata nyapara wa ghorofa, aliyekuwa amejikunyata kwenye kibanda cha saruji.

"Mimi ningenunua, Shangazi," alisema nyapara, meno yakigongana. "Lakini vijana wangu hawatakubali. Siku hizi ni wajuaji. Sijui nani aliwafungua macho."

Shangazi alirudi kwenye gari, akaketi, akatazama vifuta maji vya kioo vikienda na kurudi. Aliwahi kukimbizwa, aliwahi kutukanwa, mara moja aliwahi kufungiwa kwenye choo cha nje na muuza nguo aliyemtambua. Lakini hakuwahi kushindwa kwa sababu ya kuaminiwa.

"Na Birika?" akasema ghafla. "Angalau naye amekwama. Jumamosi imepita na mnunuzi hakutokea."

Kimya akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja.

"Nilipita pale jana," alisema. "Kulikuwa na lori. Linapakia nyeusi."

"Lori la nani?"

"Limeandikwa ubavuni. Kambi ya barabara."

Shangazi akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka, na kwa dakika hiyo wale wawili walifanana kuliko walivyowahi kufanana katika ndoa yao yote.

Jibu lilikuja lenyewe, limebeba mwamvuli. Ilikuwa wiki iliyofuata, mvua ikiwa imepungua na kuwa manyunyu. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kreti chini ya turubai, miguu ndani ya mabuti ya mpira, akichota maji sakafuni kwa kikombe. Mama Kaunta alisimama mlangoni, matope mpaka vifundoni, akabisha hodi kwenye nyumba isiyo na paa kwa adabu zilezile za kubisha kwenye nyumba yenye paa.

"Karibu, dada," alisema Shangazi. "Angalia usilowe. Nje ni pakavu zaidi."

Mama Kaunta akacheka, akaketi kwenye kreti ya pili. Wakaulizana hali. Kisha Shangazi akashindwa kuvumilia.

"Yule mpishi wa kambi. Ni nani?"

"Kaka yangu. Tumezaliwa tumbo moja."

"Anachechemea?"

"Anacheza mpira."

Shangazi akainamisha kichwa, akakitikisa taratibu. Kule pembeni, Kimya akajishughulisha na ndoo.

"Tangu siku ile ya koti nilijua," Mama Kaunta aliendelea bila kupandisha sauti, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Nikampigia kaka simu, kumuuliza tu kama kuna mtu wao huku chini. Akasema hakuna. Lakini akasema ni kweli wanaililia nyeusi, wanakufa baridi, mvua imewashika kule siku nyingi na inashuka kuja huku. Mvua ya milimani huwa haikai kule. Nikaangalia stoo yangu, imejaa bia ya jua. Nikajiambia, huyu mama amenipa ushauri mzuri, kila msimu na bia yake. Basi nikaufuata."

"Na mzee? Anajua?"

"Mzee anaamini alikupiga changa la macho yeye mwenyewe. Ananisimulia kila usiku. Namwacha, analala vizuri."

Shangazi alimtazama yule mwanamke mwembamba aliyekuwa akimenya karanga siku zote zile, na moyoni alihisi si hasira bali heshima, ile ya fundi akitazama nguo iliyoshonwa na mwenzake na kutafuta mshono asiuone.

"Na umekuja kunicheka mpaka huku, kwenye matope yote haya?"

"La hasha. Nimekuja kukusaidia. Hizi bia zitakuharibikia hapa. Nina mabati yaliyobaki tulipoezeka ua, mazuri kabisa. Yangetosha chumba kimoja. Nipe hizi zote, nikupe mabati."

Ilikuwa ofa ya huruma. Shangazi alitazama turubai, akatazama kikombe mkononi. Chumba kimoja kikavu. Alikuwa ameshafungua mdomo kukubali, tena kwa shukrani, pale Kimya alipoweka ndoo chini.

"Mteja anayekuja kwenye matope," alisema, "hana huruma. Ana habari."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema mbele ya watu wasiomhusu. Wanawake wote wawili wakageuka. Mama Kaunta akaanza kukunja mwamvuli ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

"Kaka yako amesemaje?" Shangazi akauliza, sauti ikirudi palepale ilipokuwa kabla ya mvua. "Kule milimani kumekauka?"

Mama Kaunta akatabasamu. "Tangu juzi. Wanaanika nguo."

"Basi mabati ya nyumba nzima."

"Vyumba viwili."

"Nyumba nzima, na mbao, na mafundi wale wa ghorofa waje wenyewe kupigilia. Na mafuta ya gari ya baba watoto."

"Mbao utanunua mwenyewe."

"Dada, kesho jua likitoka, mimi ndiye mwenye bia nyepesi mji mzima. Ninyi mna karanga."

Walivutana mpaka manyunyu yakakatika, na Kimya, ambaye alikuwa amemaliza maneno yake ya mwaka, aliwachemshia chai. Mwishoni walipeana mikono. Mabati ya nyumba nzima na mafundi kutoka kwa Mama Kaunta, mbao nusu kwa nusu, mafuta hapana. Bia zote zinarudi kwa Birika.

Jua lilitoka mafundi wakiwa wanapigilia misumari ya mwisho. Lilitoka kwa hasira ya mtu aliyefungiwa, likakausha barabara kwa asubuhi moja, likawarudisha wachimbaji shimoni na jasho migongoni. Jioni yake ua wa Birika haukuwa na pa kukanyaga. Kila mtu alitaka ya kazi yake, nyepesi, yenye barafu shingoni, na kwa kuwa baa nyingine zilikuwa zimejaza nyeusi wakati wa mvua na hazikuwa nayo, Birika aliipandisha bei mara mbili kabla ya jua kuzama. Wanaomfahamu wanasema alicheka hadharani.

Siku iliyofuata, adhuhuri, Shangazi alikuwa ameketi sebuleni kwake, chini ya mabati mapya yanayong'aa, na aligundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia kuhusu mabati mapya yasiyo na dari. Nyumba ilikuwa tanuri. Ulimi ulimganda kinywani. Alijipepea kwa kifuniko cha sufuria, akalegeza vifungo vya blauzi, akasalimu amri.

"Baba watoto," aliita. "Niletee moja. Nyepesi. Baridi."

Kimya akaenda na pikapu mpaka kwa Birika. Mama Kaunta mwenyewe ndiye aliyemhudumia, akaikausha chupa kwa kitambaa, akamsalimia kwa uchangamfu, akauliza nyumba inaendeleaje, na akamtoza bei kamili, ile iliyopanda, bila kumpunguzia chochote. Kimya akalipa. Shangazi alipoipokea ile chupa aliigeuza kidogo, akaona kwenye lebo doa la mvua lililoingia kupitia turubai lake, akajua imelala chumbani kwake wiki nzima.

Akampa Kimya nusu ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyekwenda juani.